Yakobo au Eli? Kanisa mbele ya tofauti za Injili nne



Kuna swali ambalo limeulizwa mara nyingi katika vikundi vyetu, na karibu kila mara linaulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba kuliuliza ni kosa: baba yake Yozefu, mume wa Maria, aliitwa nani? Matayo, katika sura ya kwanza ya Injili yake, anasema ni Yakobo. Luka, katika sura ya tatu, anasema ni Eli. Wala si jina hilo peke yake linalotofautiana. Kutoka kwa Daudi, Matayo anapitia kwa Solomono na wafalme wa Yuda. Luka anapitia kwa Natani, mwana mwingine wa Daudi ambaye hakutawala kamwe. Orodha hizo mbili zinakutana kwenye majina ya Shealtieli na Zerubabeli, kisha zinaachana tena mpaka kwa Yozefu mwenyewe. Matayo anaanza kwa Abrahamu na kushuka. Luka anaanza kwa Yezu na kupanda hadi Adamu.

Kijana asiyepata jibu la swali hili parokiani atalipata barabarani. Huko kuna atakayemwambia kwamba Maandiko Matakatifu ni maneno ya watu yaliyochanganyikana, na afadhali ayaache. Kuna pia atakayemwambia kwamba kuuliza ni dalili ya imani haba, azibe masikio na kuimba. Tumewaona waliopotea kwa njia ile ya kwanza. Tumewaona pia wale waliobaki kanisani kwa njia ya pili, huku wakiwa na hofu kila wanapofungua Injili, wasije wakakutana na aya itakayowaangusha. Kwa hiyo tumeona vema tusitoe jibu la haraka, bali tusimulie namna Kanisa lenyewe lilivyoishi na maswali ya aina hii tangu karne zake za kwanza. Historia hiyo ni ndefu, nasi tutachagua vipande vichache vyenye kutufaa.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba tofauti hizi hazikugunduliwa juzi. Yapata mwaka 178 mwanafalsafa mmoja mpagani aitwaye Celsus aliandika kitabu cha kuwapinga Wakristu, akidai kwamba walikuwa wameibadili Injili yao mara tatu, mara nne na zaidi, ili wapate kuwakwepa wanaowahoji. Origene, mwalimu mkuu wa Aleksandria, alimjibu yapata mwaka 248 kwa vitabu vinane. Baada yake akaja Porphyry, msomi mkali kuliko Celsus, ambaye alisoma Maandiko aya kwa aya akitafuta mahali yanapogongana. Anayedhani maswali haya yameletwa na intaneti amechelewa kwa miaka 1800.

Wakristu wenyewe waliziona tofauti hizo, na wengine kati yao walitafuta njia ya kuziondoa. Wa kwanza aliyejulikana sana kwa jambo hilo ni Marcion, mtu wa Sinope kando ya Bahari Nyeusi, ambaye alifika Roma yapata mwaka 140 na kulipatia Kanisa la huko zawadi ya sesterse 200.000. Marcion alitunga kitabu ambamo aliweka sentensi za Agano la Kale upande mmoja na za Injili upande mwingine, akaonyesha kwamba hazipatani, akahitimisha kwamba Mungu wa Wayahudi si Baba wa Yezu Kristu. Ili mafundisho yake yasimame ilimbidi akate. Alikataa Agano la Kale lote, akabaki na barua kumi za Paulo na Injili moja tu, ile ya Luka, nayo akaipunguza. Habari za kuzaliwa kwa Bwana zilitoka. Orodha ya ukoo ilitoka. Injili yake ilianza katika mwaka wa kumi na tano wa Kaisari Tiberio, na Yezu akitokea mtu mzima, bila mama, bila babu, bila taifa. Mwaka 144 Kanisa la Roma lilimfukuza, na likamrudishia fedha zake zote. Tunapenda kuikumbuka habari hiyo ya fedha, maana si kila jumuiya ingekuwa na moyo wa kuzirudisha.

Wa pili alikuwa na nia njema zaidi, na ndiyo sababu historia yake inatugusa zaidi. Tatiano alizaliwa katika nchi ya Waashuru, akaenda Roma, akawa mwanafunzi wa Mtakatifu Yustino mfiadini. Yapata mwaka 170 alizichukua Injili zote nne, akazishona pamoja kuwa simulizi moja. Kitabu hicho kinaitwa Diatessaron, maana yake “kwa njia ya wanne”. Kilianza na maneno ya kwanza ya Yoane, kikaendelea kwa kuchukua tukio hapa, sentensi pale, hata msomaji asione tena mahali Marko anapoishia na Luka anapoanzia. Penye kurudiarudia alipunguza. Penye kugongana alilainisha au aliacha. Zile orodha mbili za ukoo? Aliziacha zote mbili. Marcion aliyechukia Agano la Kale na Tatiano aliyependa Injili walikutana hapo, katika kuwafuta mababu wa Bwana.

Kitabu hicho hakikuwa sumu. Makanisa ya lugha ya Kisiria yalikisoma katika Misa kwa zaidi ya miaka 200, na kwa waamini wengi wa huko Injili maana yake ilikuwa ni hiyo. Shemasi Mtakatifu Efremu, aliyefariki mwaka 373, mmoja wa walimu wakubwa wa Kanisa, aliandika kitabu kizima cha kukifafanua. Mwaka 1933, katika magofu ya Dura-Europos kando ya mto Eufrati, ngome iliyoanguka mwaka 256, wachimbuaji waliokota kipande kidogo cha ngozi chenye habari za Yozefu wa Arimateya, na ndani ya mistari michache tu maneno ya Injili nne yamesukwa pamoja. Wataalamu wengi wamekihesabu kuwa cha kitabu cha Tatiano au cha ndugu yake.

Lakini Kanisa lilikataa. Ireneo, askofu wa Lyon, alikuwa amekwisha kusema yapata mwaka 180 kwamba Injili ni nne, si zaidi wala si pungufu, kama zilivyo pande nne za dunia. Katika karne ya tano Rabbula, askofu wa Edessa, aliamuru kila kanisa liwe na Injili “zilizotengwa”, yaani zile nne, na zisomwe hizo. Jirani yake Theodoreto, aliyekuwa askofu wa Kuro tangu mwaka 423, alitembelea jimbo lake lenye parokia 800, akakuta nakala zaidi ya 200 za kitabu cha Tatiano. Alizikusanya zote, akaziondoa, akaweka mahali pake Injili nne. Theodoreto hakupendezwa hata kidogo na kuachwa kwa ukoo wa Bwana. Aliona humo hila ya kuficha kwamba Kristu ni mwana wa Daudi kwa mwili.

Tufikiri alichokifanya askofu huyo. Waamini wake walikuwa na kitabu rahisi, chenye mpangilio, kisichomtia mtu wasiwasi. Yeye aliwanyang’anya kitabu hicho, akawapa vinne vyenye maswali. Alijua vizuri kwamba siku moja mtu angesimama na kuuliza kuhusu Yakobo na Eli. Aliona ni heri waulize.

Kwa nini ni heri? Tutoe mfano mmoja. Msalabani, Injili za Matayo na Marko zinatupa neno moja tu la Yezu, kilio cha aliyeachwa. Luka hana kilio hicho. Kwake Yezu anawaombea waliomsulubisha, anamwahidia mhalifu paradiso, na kuiweka roho yake mikononi mwa Baba. Kwa Yoane, Yezu anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, anasema ana kiu, anatangaza kwamba yote yametimia. Ukiyaweka yote pamoja unapata yale Maneno Saba tunayoyatafakari Ijumaa Kuu, na tafakari hiyo ni nzuri, hatuipingi. (Hata pango la Noeli ni kazi ya namna ya Tatiano: wachungaji wa Luka na mamajusi wa Matayo wamesimama chini ya paa moja, na hakuna mtoto aliyepata madhara.) Lakini katika nchi yetu wapo waliozika ndugu zao njiani bila jeneza wala sala, wakikimbia. Mtu wa namna hiyo, akisoma Marko peke yake, anamkuta Yezu ambaye naye alilia bila kujibiwa, na giza likabaki. Ukimwahi na maneno mengine sita, umemnyima jambo ambalo Roho Mtakatifu alitaka alisikie. Siku nyingine atahitaji Luka. Kanisa lilitunza vitabu vinne ili pasiwe na sauti inayomeza nyingine.

Basi, baada ya kukataa kukata na kukataa kuchanganya, ilibaki kazi ya kueleza. Hapa turudi kwa Yozefu na baba zake wawili.

Aliyelishughulikia swali hilo kwanza kwa kina, kadiri maandishi yaliyotufikia yanavyoonyesha, ni Julius Africanus, msomi aliyeishi Emau ya Palestina na kufariki yapata mwaka 240. Alikuwa mtu mwenye elimu nyingi. Alimpangia Kaisari Aleksanda Severo maktaba huko Roma, na aliwahi kumwandikia Origene barua ya kumhoji kuhusu habari ya Suzana katika kitabu cha Danieli. Barua yake juu ya ukoo wa Bwana aliiandika kwa mtu aitwaye Aristides, na sehemu kubwa yake imetunzwa na Eusebio, askofu wa Kaisaria, katika kitabu cha kwanza cha Historia ya Kanisa.

Maelezo yake ni haya. Matani, wa uzao wa Solomono, alimwoa mwanamke aitwaye Esta, akamzaa Yakobo. Matani akafa. Mtu mwingine, Melki, wa uzao wa Natani, akamwoa mjane huyo, akamzaa Eli. Kwa hiyo Yakobo na Eli walikuwa ndugu wa tumbo moja, lakini wa baba wawili na koo mbili. Eli akaoa, akafa bila mtoto. Ndipo Yakobo, akifuata sheria iliyoandikwa katika sura ya 25 ya Kumbukumbu la Sheria, akamchukua mjane wa ndugu yake ili amwinulie uzao, na mtoto aliyezaliwa ndiye Yozefu. Kwa damu ni mwana wa Yakobo. Kwa sheria ni mwana wa Eli. Africanus aliongeza uangalifu mmoja wa msomaji hodari: Matayo anatumia neno “alimzaa”, lakini Luka halitumii, anasema tu kwamba huyu ni wa fulani.

Vijana waliokulia mjini huenda wakaona maelezo haya kama fumbo. Wazee wetu hawatayaona hivyo. Katika makabila mengi ya nchi yetu mjane alichukuliwa na ndugu wa marehemu, na watoto waliozaliwa walihesabiwa kuwa wa yule aliyelala kaburini. Kanisa limepigana, na lilipigana kwa haki, na desturi hiyo pale ilipomfanya mjane kuwa mali ya kurithiwa bila yeye kuulizwa. Hata hivyo desturi hiyo inatufundisha jambo moja ambalo msomaji wa Ulaya hulipata kwa taabu: mtu aweza kuwa na baba wawili, na anayemtaja mmoja wao hasemi uongo. Ni mara ngapi mtoto wa kwetu anamwita “baba” mtu ambaye karatasi za serikali zinamwita mjomba au jirani?

Kuna jambo kubwa zaidi katika barua hiyo. Siku za Africanus walikuwapo Wakristu wenye jibu jingine, jepesi na la kupendeza. Walisema kwamba majina ya orodha hizo yalichanganywa kwa makusudi, mengine ya kifalme na mengine ya kikuhani, ili kuonyesha kwamba Kristu ni Mfalme na Kuhani. Mafundisho hayo ni ya kweli: Kristu ni Mfalme, Kristu ni Kuhani. Lakini Africanus alikasirika. Alisema kwamba hoja ya namna hiyo isipewe nafasi katika Kanisa, maana inafanya uongo utungwe kwa ajili ya sifa na utukufu wa Kristu. Kristu hasifiwi kwa uongo. Baada ya hapo alikuwa mwaminifu hata juu ya maelezo yake mwenyewe. Alieleza kwamba ameyapata kutoka kwa jamaa za Bwana waliokuwa wakiishi Nazareti na Kokaba, ambao walitunza kumbukumbu za ukoo baada ya Herode kuchoma zile za hadhara. Akakiri kwamba ushahidi wa kuthibitisha hana, ila hajaona maelezo bora kuliko hayo.

Sisi hatudhani kwamba Africanus alimaliza jambo. Nakala ya Luka aliyokuwa nayo yaonekana ilipungukiwa majina mawili, maana kati ya Eli na Melki Biblia zetu zina Matati na Lawi. Tena sheria ya Musa ilikusudia hasa ndugu wa baba mmoja, si wa mama mmoja. Mtakatifu Augustino alipendelea kwanza maelezo mengine, kwamba baba mmoja alimzaa Yozefu na mwingine alimpokea kama mwana. Lililo wazi ni kwamba hakuna kati yao aliyeona haya kusema: nadhani ni hivi, na mwenye bora alete.

Linganisha na jibu ambalo huenda ninyi mmelisikia zaidi, kwamba Luka anatoa ukoo wa Maria na Matayo ukoo wa Yozefu. Watu wengi wema wamelishika, na labda litaendelea kushikwa, kwa kuwa linaondoa ugumu mara moja. Shida ni kwamba Luka hamtaji Maria katika orodha hiyo, anamtaja Yozefu. Na aliyelitangaza jibu hilo kwa nguvu alikuwa Annius wa Viterbo, mtawa Mdominiko, ambaye mwaka 1498 alichapisha Roma vitabu alivyodai kuwa vya waandishi wa kale, kimojawapo kikiitwa cha Filo Myahudi. Humo Eli wa Luka aligeuzwa kuwa Yoakimu, baba wa Maria. Baadaye wasomi waligundua kwamba vitabu hivyo Annius alivitunga mwenyewe. Zaidi ya miaka 1200 ilikuwa imepita tangu Africanus aonye juu ya uongo wa kumtukuza Kristu, na hilo ndilo lililotokea.

Leo Kanisa linatualika kuanza na swali jingine: mwandishi alikusudia kusema nini? Papa Pio XII, katika barua yake ya tarehe 30 Septemba 1943, aliwahimiza wafafanuzi wachunguze namna za uandishi zilizotumika katika nyakati za kale, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukarudia jambo hilo katika hati Dei Verbum ya tarehe 18 Novemba 1965, namba 12. Namba ya 19 inaeleza kwamba waandishi wa Injili walichagua, walifupisha na kufafanua mambo wakiyatazama mahitaji ya makanisa yao, huku wakitupasha daima mambo ya kweli kuhusu Yezu.

Sasa mchukue tena Matayo, mkae na kalamu. Anasema vizazi ni kumi na vinne mara tatu. Lakini kati ya Yoramu na Uzia ameruka wafalme watatu, Ahazia, Yoashi na Amazia, ambao majina yao yamo katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 3. Myahudi yeyote aliyejua historia ya wafalme wake angeweza kugundua. Mtu anayetaka kudanganya hafichi kitu mahali ambapo kila jirani anakiona. Wafafanuzi wengi wamekumbusha kwamba herufi za jina la Daudi kwa Kiebrania, zikihesabiwa kama tarakimu, zinatoa kumi na nne. Kwa hiyo orodha yenyewe inaita “Daudi, Daudi, Daudi”. Na katikati ya wanaume hao Matayo amewaingiza Tamari, Rahabu, Ruti na mke wa Uria, wanawake ambao karani wa ukoo asingelazimika kuwataja. Luka naye ameiweka orodha yake mara baada ya ubatizo, pale sauti kutoka mbinguni ilipomwita Yezu Mwana. Anapanda jina kwa jina mpaka Adamu, wa Mungu. Mmoja anasema Yezu ni wa Israeli. Mwingine anasema ni wa watu wote. Kama ni nani kwa damu alimzaa Yozefu, tunaweza kulala usingizi bila kujua.

Orodha ya Matayo inasomwa katika Misa kila tarehe 17 Desemba, na wasomaji wetu wengi huiogopa kwa sababu ya majina yake. Isomeni polepole. Katika Misa ya majimbo yetu, ile iliyothibitishwa na Roma mwaka 1988, tunawaita watakatifu na pia mababu waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Kama kuna Wakristu wanaopaswa kuvumilia kusikia mababu wa Bwana wakitajwa mmoja mmoja, ni sisi.

Kipande cha mwisho hakihusu ukoo, bali ugomvi. Katika barua kwa Wagalatia, sura ya 2, Paulo anasimulia kwamba huko Antiokia alimpinga Petro mbele ya wote, kwa sababu Petro alikuwa akila pamoja na watu wa mataifa, kisha akajitenga nao kwa hofu walipokuja watu kutoka kwa Yakobo. Lakini katika Matendo ya Mitume, sura ya 15, ni Petro huyohuyo anayewatetea watu wa mataifa wasibebeshwe nira. Na katika sura ya 16 ni Paulo anayemtahiri Timoteo kwa ajili ya Wayahudi. Nani basi alikuwa upande gani? Porphyry alifurahia sana aya hizo: mitume wakuu wawili, alisema, hawakupatana wao kwa wao.

Yeronimo, akiwa Betlehemu, alifafanua barua hiyo yapata mwaka 387. Alifuata jibu lililotoka kwa Origene: Petro na Paulo hawakugombana kweli. Walipanga pamoja, mmoja ajifanye kukosea na mwingine ajifanye kukemea, ili watu wapate fundisho. Kwa jibu hilo mpinzani ananyamazishwa, na heshima ya Petro inabaki safi.

Augustino, aliyekuwa bado padri huko Hippo, alimwandikia yapata mwaka 395 kumpinga. Hoja yake ilikuwa ileile ya Africanus, ila kali zaidi. Paulo mwenyewe, muda mfupi kabla ya kusimulia habari hiyo, anaapa mbele ya Mungu kwamba hasemi uongo. Tukikubali kwamba katika Maandiko kuna uongo mmoja tu, hata wa manufaa, basi hakuna aya itakayobaki imara. Kila mtu, akikutana na neno linalomchoma, atasema mwandishi hakumaanisha.

Barua hiyo ilipata ajali za ajabu. Aliyepewa kuipeleka alifanywa askofu, akafa kabla ya kusafiri. Nakala zikazagaa Italia, zikasomwa Roma, na Yeronimo akasikia uvumi kwamba kijana mmoja wa Afrika ameandika kitabu dhidi yake. Alikasirika kama alivyojua yeye kukasirika. Alimkumbusha Augustino kwamba ng’ombe mzee aliyechoka hukanyaga kwa uzito zaidi. Mwaka 404 akamjibu kirefu, akitaja walimu wakubwa waliokuwa upande wake. Augustino, mwaka 405 hivi, hakurudi nyuma. Alisema kwamba anapokutana katika Maandiko na jambo linaloonekana kupingana na ukweli, anafikiri ama nakala ina kosa, ama mfasiri hakulipata neno, ama yeye mwenyewe hajaelewa. Aliongeza kwamba ingawa kwa cheo askofu yuko juu ya padri, katika mambo mengi Augustino yuko chini ya Yeronimo. Na juu ya Petro alisema jambo ambalo Yeronimo, kwa kutaka kumlinda, alikuwa amelikosa: Paulo aliwaachia wadogo mfano wa kuwakosoa wakubwa kwa ajili ya ukweli, lakini Petro aliacha mfano ulio adimu na mtakatifu zaidi, wa mkubwa kukubali kusahihishwa na aliyekuja nyuma yake.

Yeronimo hakuandika kokote kwamba ameshindwa. Lakini mwaka 415, alipokuwa akiwajibu wafuasi wa Pelagio kuhusu kama mtu aweza kuishi bila kosa lolote, alimtaja Petro aliyekemewa Antiokia, na safari hii alisema kwamba Petro alikosea kweli. Augustino aliona mstari huo, akamwandikia rafiki yake Oceanus kumwonyesha.